UZI: Mashine ya CPAP inasoma vizuri, je oksijeni ya usiku kucha? Kwa wanaokatika pumzi usingizini na wanaowauguza

MwanaNjombe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale ambao daktari ameshawaambia kwamba pumzi zinakatika usingizini, wakapewa mashine ya CPAP, na kila asubuhi kitu cha kwanza ni kuangalia kioo cha mashine kujua usiku umekwendaje. Kioo hicho hakina habari za oksijeni. Kwa baba yangu kilikuwa kinaonyesha AHI, yaani mikatiko ya pumzi kwa saa, chini ya 3 kila kukicha, namba ambayo mgonjwa yeyote angeifurahia, na wakati huo huo oksijeni yake ilikuwa inakaa chini kwa saa nyingi.

Kwanza niweke msingi kwa wageni wa jambo hili. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene, uzito mkubwa, kidevu kilichorudi nyuma au tonsili kubwa, koo linajifunga nusu au lote. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haipiti. Ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi linahesabiwa tukio. Ubongo unashtuka, mtu anagutuka na mkoromo mkubwa, koo linafunguka, anarudi kulala, asubuhi hakumbuki lolote. Matukio ya usiku mzima yakigawanywa kwa saa alizolala ndiyo AHI. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni ya kati, ikizidi 30 ni kali. Baba alipopimwa Dar alizidi 50.

CPAP inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Wazo hilo lilitoka kwa Colin Sullivan na wenzake Sydney mwaka 1980, wakalichapisha katika jarida la Lancet mwaka 1981. Inayosukumwa ni hewa ile ile ya chumbani, haina oksijeni ya ziada. Mashine inapima mtiririko na msukumo wa hewa basi. Damu haiioni.

Sasa habari ya baba. Alipangiwa msukumo akiwa Dar, usawa wa bahari, kisha akarudi kwake Njombe, karibu mita 2,000 juu. Huku kwetu kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na pwani. Mwenye mapafu mazima wala hajui tofauti. Baba ni mnene na alivuta sigara miaka mingi. Baada ya mashine, kukoroma kuliisha kabisa, mama akapata usingizi, tukamshukuru Mungu. Lakini kichwa kiliendelea kumuuma kila asubuhi, anasinzia kanisani, na presha haikushuka pamoja na dawa za kutosha.

Dada yangu ni mtu wa afya. Akaazima kipimo cha kidoleni kinachorekodi usiku kucha, tukamvisha baba pamoja na CPAP yake. Akiwa macho oksijeni yake ilikuwa asilimia 92. Alipopitiwa na usingizi akashuka 87, akabaki hapo. Kwenye vipindi vya usingizi wa ndoto akafika 82. Hakukuwa na kupanda na kushuka kwa haraka kunakoletwa na koo kufunga na kufunguka. Mstari ulishuka ukalala chini mpaka alfajiri.

Tulipeleka grafu hospitali. Mchana wakampima gesi kwenye damu ya ateri, kabonidioksaidi ikakutwa imezidi milimita 45 za zebaki, kiwango cha juu cha kawaida. Koo lilikuwa wazi kweli kama mashine ilivyosema, ila pumzi zake zilikuwa fupi mno, hewa chafu haitoki yote. Akahamishiwa BiPAP, ambayo inasukuma kwa nguvu zaidi anapovuta na kulegeza anapotoa. Rekodi ya baada ya hapo inacheza kwenye 90 na 92, na asubuhi haombi tena dawa ya kichwa.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: kama unatumia CPAP kwa bidii na bado unaamka na kichwa kizito, au unasinzia mchana, au presha imegoma, omba upimwe oksijeni usiku kucha UKIWA UMEVAA MASHINE YAKO, kwenye kitanda chako, mji unaoishi. Karibuni tujadili.

Kinyozi_Sinza

Uzi mzuri mkuu. Mimi natumia CPAP, sina muda mrefu. Nina kile kidude cha kubana kidole nilichonunua enzi za korona, nikiamka asubuhi kinasoma 97. Si inatosha hiyo?

MwanaNjombe

Haitoshi mkuu. Ukishaamka, koo limefunguka na pumzi zimerudi, na ndani ya dakika moja au mbili oksijeni inapanda mahali pake. Mtu anaweza kushuka hadi 75 mara mia usiku na asubuhi akasoma 97 bila shida yoyote. Baba mwenyewe asubuhi alikuwa anasoma 92 au 93, na kwa Njombe hiyo haimshtui mtu.

FundiVifaaTiba

Nimefurahi kuona uzi huu, ni kazi yangu ya kila siku, niongeze upande wa vifaa.

Vipimo vyote vya kidoleni vimetokana na kazi ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, mwaka 1974. Kifaa kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu wa nanomita 660 hivi na wa infraredi wa kama 940. Himoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) yenye oksijeni na isiyo nayo zinanyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti. Kifaa kinaangalia sehemu inayodunda tu, yaani damu ya ateri, kisha kinakadiria asilimia. Nasema KINAKADIRIA, kwa sababu hata kifaa kizuri kinaweza kupishana na damu halisi kwa asilimia 2 hadi 3 juu au chini. Usigombane na daktari kwa sababu ya 93 na 94.

Kile cha korona kimetengenezwa kwa kupima mara moja. Vingi havina kumbukumbu na vinajizima ukitoa kidole. Kwa usiku unahitaji chenye kumbukumbu, kiwe cha kufungwa mkononi na waya mfupi kwenda kidoleni, au cha pete. Halafu uliza kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi: kinachukua wastani wa sekunde ngapi? Maabara za usingizi zinataka wastani usiozidi sekunde 3. Kifaa kinachochanganya sekunde nyingi pamoja kinafuta mishuko mifupi, mgonjwa anaonekana mzima. Saa za mkononi za kisasa nyingi zinapima kwa vipindi, zinachungulia kisha zinapumzika, na koo linaweza kufunga na kufunguka mara kadhaa katikati bila kuonekana. Ni nzuri kwa kukutia shaka ukapime. Kukutoa shaka haziwezi.

Kwenye ripoti angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni ODI, mara ngapi kwa saa oksijeni imeshuka kwa asilimia 3 au 4. Uliza imehesabiwa kwa 3 au kwa 4 kabla hujalinganisha rekodi mbili, maana usiku ule ule unatoa majibu mawili tofauti. Cha pili ni muda wote uliokaa chini ya 90. Cha tatu, na kwangu ndicho kikubwa, ni UMBO la mstari. Koo linalojifunga linachora meno ya msumeno, chini juu, chini juu. Mapafu yanayopumua kidogo yanachora kama ya mzee wa mleta uzi, mstari unashuka na kubaki. Wastani wa usiku unaweza kufanana kwa wote wawili na tiba zikatofautiana kabisa.

Kwa nini 90? Kati ya 100 na 90 himoglobini inashikilia oksijeni vizuri hata shinikizo lake kwenye damu likipungua sana. Ukifika 90 shinikizo ni kama milimita 60 za zebaki, na kuanzia hapo mteremko ni mkali, upungufu mdogo tu wa pumzi unaangusha namba nyingi. Kigezo kingine utakachokutana nacho ni cha bima ya Medicare ya Marekani, 88 au chini kwa jumla ya angalau dakika 5, wanapoamua kulipia oksijeni ya usiku. Hospitali nyingi duniani zinakitumia kama alama ya kuanza kuuliza maswali.

Mama Rahma

Assalaam alaykum. Nipo Unguja. Mume wangu anatumia hiyo mashine na tumepata kipimo cha kurekodi. Kwanza nauliza, mwanangu naye daktari anataka apimwe, ni bibi harusi mwezi ujao na ana piko mpaka kwenye ncha za vidole, je kipimo kitasoma? Pili, rekodi ya baba Rahma inaonyesha 70 ghafla, halafu 96, halafu 65, halafu kimya. Nimekaa macho usiku nikimwangalia, anapumua vizuri tu. Nimeogopa sana.

FundiVifaaTiba

Waalaykum salaam mama yetu. Hongereni kwa harusi.

Hina nyekundu kwa kawaida haileti tabu kubwa. Piko nyeusi ndiyo inayozuia mwanga, kifaa kinasoma chini au hakisomi kabisa. Mpimeni kidole cha mguu kisichopakwa, au kifaa cha kubana sikio kama kipo. Rangi ya kucha iliyokoza itolewe, na kucha za kubandika pia.

Kuhusu mzee, anguko la kweli halipigi ghafla kutoka 96 hadi 65. Linateremka kwa sekunde kadhaa, na linachelewa, kwa sababu damu inahitaji muda kutoka mapafuni hadi kidoleni. Ukimwona pumzi imesimama sasa, namba itashuka nusu dakika hivi baadaye, pengine ameshaanza kupumua tena. Hiyo ya kuruka na kukatika ni kidole kimechomoka au ameulalia mkono. Tazama mstari wa mapigo ya moyo chini yake, kama nao umeruka ovyo au umekatika wakati ule ule, futa kipande hicho akilini. Mvishe mkono asioutumia sana, kidole cha kati au cha pete, waya uubandike kwa plasta ya karatasi nyuma ya kiganja. Vidole viwe na joto, kiyoyozi kikali kinapunguza damu ya vidoleni.

Mama Rahma

Analala mkono chini ya shavu tangu nimjue! Allah akuzidishie, leo nitalala.

Muuguzi_Bukoba

Naomba niseme jambo ambalo linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi na halisemwi vya kutosha.

Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan. Walilinganisha kipimo cha kidoleni na kipimo cha damu ya ateri kilichochukuliwa wakati ule ule. Kwa wagonjwa ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilikutwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya watu weusi na asilimia 3.6 ya vile vya weupe. Karibu mara tatu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari kuhusu vifaa hivi na rangi ya ngozi.

Maana yake kwetu: kosa linaelekea upande wa KUTUPAMBA. Kidole kinasema 92, damu inaweza kuwa chini zaidi. Basi nikiona rekodi ya mtu wetu imekaa 90 na 91 usiku kucha, na asubuhi ana maumivu ya kichwa, simwambii "umepona, uko juu ya 90". Namwambia tutafute kipimo cha damu. Na hiyo ni sababu nyingine ya kufuatilia umbo na mabadiliko ya mtu yule yule kwa kifaa kile kile, usiku hadi usiku, kuliko kung'ang'ania namba moja.

Pia kuna wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani, na mtoto wa selimundu mwenye tonsili kubwa anayekoroma ana hatari yake ya peke yake, kwa sababu oksijeni ikishuka chembe zake za damu zinapinda. Huyo msimfuatilie nyumbani kwa kubahatisha. Mtajeni kliniki ya selimundu kwamba anakoroma, hata kama hamkuulizwa.

Kaka wa Mbagala

Wakuu naomba ushauri wa haraka. Mzee wangu ana tatizo hili hili, amepimwa usiku anashuka hadi 78. Mashine ya CPAP ameikataa, anasema barakoa inamziba. Kuna mtu ananiuzia konsentreta, mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, kwa bei nafuu. Si nimwekee tu oksijeni puani alale nayo? Namba zitapanda.

Muuguzi_Bukoba

Kaka, tafadhali usinunue kabla hujasoma hapa.

Namba zitapanda, ndiyo. Lakini koo litaendelea kufunga. Oksijeni ikiwa nyingi, ubongo unachelewa kushtuka, na kwa baadhi ya watu kila mkatiko unakuwa mrefu kuliko mwanzo. Kama mzee ni mnene sana au ana mapafu mabovu ya sigara au moshi, kabonidioksaidi inaweza kupanda usiku mpaka akaamka amechanganyikiwa, au asiamke. Na wewe utakuwa unaangalia 95 ukidhani umemsaidia. Kidole hakipimi kabonidioksaidi. Hilo naomba kila mtu alishike.

Oksijeni ina mahali pake. Daktari anaweza kuiunganisha kwenye CPAP au BiPAP pale koo limeshafunguliwa na pumzi zimetosha lakini mapafu bado hayapitishi. Mpangilio ni huo: koo kwanza, pumzi za kutosha pili, oksijeni mwisho.

Kuhusu kukataa barakoa, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ni saizi au aina. Kuna za puani tu ambazo hazifuniki mdomo. Mwambie aivae mchana akiwa ameketi anasikiliza redio, mashine ikiwa imewashwa kwa msukumo mdogo, siku moja baada ya nyingine, mpaka aizoee. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi aache, vinalegeza koo na kuchelewesha ubongo kushtuka.

Kaka wa Mbagala

Nimekuelewa dada. Nimemwambia muuzaji nasitisha.

Koech_Eldoret

Habari zenu ndugu. Nasoma kutoka Eldoret, nasi tuko juu, kama mita 2,100, kwa hivyo maneno ya mwanzisha mada nayajua. Nina jambo moja la watu wa baridi. Huku wengi hulala na jiko la makaa ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Hewa ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwa makaa hushikana na himoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni, na kipimo cha kidole cha mianga miwili hakiwezi kutofautisha. Husoma himoglobini iliyoshikwa na sumu kana kwamba imebeba oksijeni. Utaona 98 na mtu anaendelea kuzirai. Mtu akiamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi katika nyanda za juu, kabla ya kulaumu mashine, ulizeni jiko liko wapi. Na CPAP huvuta hewa ya chumba hicho hicho.

MwanaNjombe

Ndugu Koech, umenigusa. Makete na Njombe ni hivyo hivyo. Kwa baba jiko hulala jikoni, nyumba nyingine, lakini hilo lilistahili kuwa kwenye andiko la kwanza. Asante.

Mpemba wa Muscat

Kwa wanaonunua mashine za mtumba kutoka Ulaya na Uarabuni: Juni 2021 Philips ilitangaza kurudisha aina nyingi za CPAP na BiPAP zake, zikiwemo DreamStation za kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kuchakaa na vipande vyake au gesi zake kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Mashine hizo hazikupotea duniani. Angalieni jina la toleo na namba ya mashine kabla ya kutoa pesa. Na ukinunua yoyote iliyotumika, ina msukumo wa mgonjwa wa kwanza ndani yake. Ipelekwe ikapangwe upya kwa mtu wako.

Mdadisi_Moro

Samahani naingia na hoja tofauti. Nimesoma kwamba utafiti mkubwa ulionyesha CPAP haipunguzi kiharusi wala shambulio la moyo. Sasa haya mahangaiko yote ya kukesha na grafu ya nini?

Muuguzi_Bukoba

Swali zuri, na ni haki kuliuliza. Utafiti huo unaitwa SAVE, ulitoka mwaka 2016. Ulikuwa na watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Ni kweli, matukio ya moyo na kiharusi hayakupungua kwa waliopewa CPAP.

Angalia mambo mawili ndani yake. Waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Usingizi wa ndoto, ambapo misuli inalegea kuliko wakati wote na oksijeni inaanguka zaidi, umerundikana nusu ya mwisho ya usiku. Aliyevaa saa nne akavua saa nane usiku amejilinda sehemu nyepesi na kujiacha wazi sehemu nzito. La pili, waliokuwa na usingizi mkali wa mchana na wale ambao oksijeni yao ilishuka vibaya sana hawakuingizwa kabisa, kwa kuwa isingekuwa haki kuwaacha bila tiba. Wagonjwa kama baba wa mleta uzi hawamo mle. Na hata hao walioshiriki, usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa bora. Dereva wa basi la mkoani asiyesinzia kwenye usukani ni faida ambayo mimi siipimi kwa shambulio la moyo.

Ndiyo maana rekodi ya usiku mzima inanisaidia kazini. Inanionyesha saa ambayo mtu amevua barakoa. Hahitaji kuniambia.

Mdadisi_Moro

Hilo la kuvua usiku wa manane sikulijua. Nimeridhika.

Kinyozi_Sinza

MREJESHO. Wakuu, nimekodi kipimo cha kurekodi, nimelala nacho pamoja na CPAP. AHI ya mashine ni 6. Oksijeni wastani 94, ya chini kabisa 79. Muda wa chini ya 90 ni dakika 21. Mishuko karibu yote iko kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, meno ya msumeno kabisa kama alivyosema Fundi. Kabla ya hapo mstari umenyooka. Nikiamka mdomo umekauka sana. Nipandishe msukumo? Nimeona kwenye mtandao namna ya kuingia kwenye menyu ya siri.

FundiVifaaTiba

Usiguse menyu bado. Toa kadi ya kumbukumbu kwenye mashine, kuna programu ya bure inaitwa OSCAR inayosoma kadi za mashine nyingi na kuweka grafu ya oksijeni chini ya grafu ya mashine. Hakikisha saa ya kipimo na saa ya mashine zinalingana, zikipishana hata dakika tano utalaumu kitu kisichohusika. Kisha angalia mstari wa uvujaji wa hewa kuanzia saa tisa.

Kinyozi_Sinza

Nimefanya. Uvujaji uko chini usiku wote, saa tisa na dakika kumi unapanda juu na kubaki huko mpaka saa kumi na moja kasoro. Unalingana kabisa na mishuko. Barakoa yangu ni ya puani.

Muuguzi_Bukoba

Basi una jibu. Unapoingia kwenye usingizi wa ndoto taya linalegea, mdomo unafunguka, hewa inatokea mdomoni badala ya kushikilia koo. Ukipandisha msukumo sasa utapandisha na uvujaji, na kwa baadhi ya watu msukumo mkubwa kupita kiasi unaleta mikatiko ya aina nyingine inayoanzia kwenye ubongo. Nenda kliniki na grafu hizo mbili zimechapishwa kwenye karatasi moja. Omba kujaribu barakoa inayofunika pua na mdomo. Kama pua huziba usiku, sema, kwa sababu pua iliyoziba ndiyo inayofungua mdomo, na hiyo ina dawa yake. Ulale ubavu, mgongoni koo linafunga kirahisi zaidi.

Kinyozi_Sinza

Pua inaziba kweli, hasa saluni ikiwa na vumbi la nywele. Nitaenda Jumatatu. Umeme ukikatika usiku je, rekodi inaharibika?

FundiVifaaTiba

Kipimo kina betri yake, kinaendelea. Mashine ndiyo inayozima, na hapo vua barakoa mara moja, usilale nayo imezimwa. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi, ili daktari asihesabu mishuko ya giza kama kushindwa kwa tiba. Ukipata betri ya akiba, zima kitengo cha kupasha maji wakati huo, ndicho kinachokula umeme mwingi. Na maji ya humo yawe yaliyotakaswa kwa mvuke kwa matumizi ya hospitali, ya betri ya gari acheni, hayajatengenezwa kwa ajili ya mapafu.

Ukishapata barakoa mpya, rekodi tena kwa kipimo hicho hicho, mkono ule ule, kidole kile kile, utuwekee grafu zote mbili hapa.